Sakafu ya Chumba cha Pili

Shirika lilinituma kutoka Vienna na begi la vipimo,
dodoso la maswali mia mbili na kumi na manne,
na onyo: usipokee zawadi inayozidi bei ya chakula cha mchana.
Mtambo ulikuwa umenizidi umri kwa mwaka mmoja.
Niliupapasa kwa mawimbi ya sauti, mshono kwa mshono,
kama daktari anayesikiliza kifua cha mtu
ambaye ndugu zake wameshagawana mashamba.

Hoteli ya mji ilikuwa kwenye matengenezo.
Nikapangiwa kwa Varsenik Tumasyan, ghorofa ya sita,
aliyeshika zamu ya usiku mtamboni miaka ishirini na tisa
na bado huongea polepole, kama anayesoma mishale ya saa.
Chumba cha kwanza kilikuwa na sakafu ya mwaloni,
vibao vimepangwa kama miiba ya samaki.
Cha pili, saruji tupu
na zulia dogo lisilofika ukutani.

Sikuuliza. Kwenye dodoso halikuwemo.
Yeye ndiye aliyelisukuma zulia kwa ncha ya kandambili.

"Ulizimwa baada ya tetemeko. Nilisema ni sawa.
Mkono huu ulikuwa mmoja wa iliyouzima.
Kisha mpaka ukafungwa, gesi ikakatika.
Tulianza na viti. Tukaenda kwenye vitabu,
vile tusivyovipenda, halafu vile tulivyovipenda.
Miti ya barabarani iliisha kabla ya Januari.
Nikang'oa chumba hiki, kibao kwa kibao.
Kibao kimoja huchemsha nusu birika.
Mama akawa anauliza kila jioni:
leo tunalala na vingapi?"

"Na chumba kile?"

"Kile nilimwekea kwa baridi ya Machi."

Akamimina chai. Tukala aprikoti kavu,
thamani yake chini ya chakula cha mchana.

Hakuniomba nidanganye.
Ufa wa upande wa kaskazini aliutaja mwenyewe
kabla kipimo changu hakijalia: mshono wa tatu,
chini kidogo ya bomba, unene wa unywele.
"Uandike," alisema. "Mimi nauogopa kuliko wewe,
wewe una tiketi ya kurudi.
Ila ukishauandika ufa, andika na kuni."

Vienna, ghorofa ya ishirini na mbili, maji ya chupa,
mataifa yamekaa kwa mpangilio wa alfabeti.
Siku mbili tuligombania silabi.
Mtambo *utafungwa*, walisema wenye mkopo.
*Ufungwe*, alisema mwenyekiti, ushauri haumuumi mtu.
Mjumbe wa nchi ya Varsenik, koti lake limebana mabega,
akaomba *nge*, hiyo tu: *ungefungwa*,
kama kungekuwa na cha kuweka mahali pake.
Hakuna aliyemuuliza cha kuweka ni nini, wala cha nani.
Ilikuwa inakaribia saa nane, mkahawa unafunga.
*Ta* ikashinda kwa kura sita.

Nami ni mtu wa *ta*, nisijifiche.
Ule ufa niliuona kwenye kioo, mweupe, umetulia,
nao hausikilizi hadithi ya mtu.
Usiku huota vyote viwili: chuma kinapasuka,
na bibi kizee anahesabu vibao kwa vidole.

Mwisho wa fomu pana kisanduku kiitwacho Mengineyo,
mistari mitatu.
Nikaandika: Chumba cha pili, mita nne kwa tatu na nusu,
saruji. Kimepimwa kwa kipimo cha shirika.
Nikatia sahihi.

Jana sekretarieti imenirudishia,
kisanduku kimezungushiwa wino mwekundu, na pembeni:
*Tafadhali fafanua uhusiano wake na mtambo.*

Nimepewa hadi Ijumaa.